Nani Hapa Anaruhusiwa Kusema

Nimekabidhi kishikwambi, begi la mgongoni, koti la mvua na mwavuli wa ofisi ambao tangu nipewe haujawahi kufunguka. Kijana wa stoo akakagua, akatikisa mwavuli, akasema, "Mama Sayi, huu mzima kabisa." Hasira sikuikabidhi. Hakuna aliyeniambia kuwa nayo ni mali ya ofisi, basi nimerudi nayo nyumbani, na leo nimeikalisha mezani iandike.

Ninyi mnaobaki kazini mliniomba siku ya kuniaga niseme neno. Nilisema "asanteni kwa soda" nikakaa. Mkadhani nimezidiwa na machozi. Nilikuwa nimezidiwa na mtu aliyekuwa amekaa meza kuu akipiga makofi. Nitamfikia.

Kwanza mnijue vizuri. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivuka mto kutoka Bariadi mjini tayari nimeanza kuulizia gari la kurudi. Napenda jiko langu, kuku wangu wasio na adabu, na upande wangu wa kitanda. Mtu wa namna hiyo, mwenye kidato cha nne kilichopita kwa huruma ya wasahihishaji, ndiye aliyepewa kazi ya usaili: kwenda kwenye nyumba za watu wengine na kuwauliza mambo yao. Baba Sayi, mume wangu, alisema ni kama kumpa paka kazi ya kuvua.

Siku ya kwanza nilipelekwa Migato. Nilivaa sketi iliyopigwa pasi na kubeba ubao wa kuandikia wenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Watoto waliponiona walitimua mbio kuelekea mtamani, wakilia kwamba chanjo imekuja. Nikaingia kwenye kaya, nikakuta kiti kimoja kizuri kivulini, nikakaa. Aliyekuwa akinifundisha kazi, Mama Kabula, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akaniambia bila kunitazama:

"Shuka hapo, mayu. Hicho kiti kina mwenyewe, na mwenyewe anakuja."

Mayu kwetu ni mama. Nikashuka chini kwenye vumbi na sketi yangu. Mama mwenye nyumba alikuwa akikata viazi vya michembe, vile vya kuanikwa juani. Mama Kabula akachukua kisu, akaanza kukata naye, na baada ya muda, bila kuinua uso, akauliza swali la kwanza. Yule mama akajibu naye bila kuinua uso. Tulipotoka Mama Kabula aliniambia, "Ukimtazama mtu machoni na ubao mkononi, anakuwa mshtakiwa. Tafuta kazi iliyopo, ishike, ndipo uulize." Huo ndio mtaala mzima niliopewa. Nimekata michembe, nimepura mtama na kumenya karanga za nusu ya mkoa huu. Baba Sayi akawa analalamika kwamba wake za watu ndio wanaonifaidi.

Miaka ikaenda hivyo. Vyandarua, vyoo, maji, mbegu, vyoo tena. Ulikuwepo utafiti uliouliza kama kaya ina choo, ukafuata uliouliza kwa nini haina, halafu ukaja ule wa kwanza tena na kofia mpya. Sikukasirika. Choo hakidhuriki kwa kuulizwa habari zake.

Kisha ukaja ule utafiti. Simu za kupangusa zilikuwa zimeshafika hadi kwa wachunga ng'ombe, na ofisi yetu ikapata mradi wa kuuliza watu wazima kuhusu athari za picha za ngono. Nilipomwambia Baba Sayi alisimamisha tonge hewani.

"Kwani vyoo vimeisha?"

"Vimeisha."

"Na wewe ndiye utakayeuliza? Wewe unayezima redio wakitangaza kondomu?"

Nilikuwa mimi. Mkubwa wa utafiti alikuwa Daktari Rehema, mwanamke mtulivu kutoka chuoni, na nataka mjue kwamba sina ugomvi naye. Siku ya mafunzo alituambia wazi kwamba jambo lenyewe ni gumu. Mwanaume anaweza kuwa mkali kwa sababu anatazama, au anatazama kwa sababu tayari ni mkali, au vyote viwili vinatoka kwenye pombe. Wasomi wanabishana, akasema, na wapo wanaobishana kwa hamu ya kushinda tu. "Sisi tutasikiliza. Na tutakachosikia kinabaki katika chumba tunachokisikia." Shikeni hilo neno la chumba.

Majadiliano ya kwanza tuliyafanya katika kata moja ya Itilima, ndani ya darasa. Wa kukusanya watu alikuwa Masunga, mhamasishaji wetu, kijana mzuri ambaye tatizo lake lilikuwa maziwa ya mgando. Alitakiwa apite kaya mbalimbali achukue mtu mmoja mmoja. Kaya ya kwanza wakamkaribisha kibuyu. Masunga akanywa, akaona jua kali, akaona pale ndani kuna watu wa kutosha, akawaalika wote pamoja na jamaa zao waliooa na kuolewa. Kwa hiyo katika darasa moja tukawa na baba, mke wa mwanawe, mama, na mwanaume aliyemuoa binti wa huyo mama.

Wageni hawajui uzito wa hilo, basi nieleze. Kwetu mkwe ni mtu wa kukwepwa kwa heshima. Huli mbele yake, ukimwona njiani unaacha njia, na mambo ya chumbani huyagusi hata kwa fumbo. Daktari Rehema akasoma swali la kwanza. Yule mkwe wa kiume ndipo alipogundua kwamba aliyekaa nyuma yake na kitenge kichwani ni mama wa mke wake. Hakuaga. Alipanda dawati akatokea dirishani, na mguu wake mmoja wa kandambili ukabaki kwetu. Waliobaki wakatazama sakafu mpaka mwisho.

"Masunga," nikamwambia nje, "umetuletea harusi."

"Mama Sayi, si watu wamepatikana?"

"Wamepatikana. Mmoja tumfuate porini tumpe kiatu chake."

Tulicheka. Daktari Rehema alipoelezwa akacheka pia, akasema tuanze upya, kaya kwa kaya. Lakini katika wale waliotazama sakafu palikuwa na mwanamke mmoja aliyefungua mdomo mara kadhaa na kuufunga. Ndiye aliyekuwa amekaa mbele ya baba mkwe wake. Aliitwa Minza.

Nilimfuata nyumbani kwake. Ulikuwa msimu wa pamba, naye alikuwa amekaa kwenye turubai akichambua, nyeupe huku, yenye madoa kule. Nikakaa, nikachambua. Mumewe, Njile, alikuwa Lamadi kwenye biashara ya dagaa, akirudi mara moja moja. Nikaona Minza anachambua kwa mkono wa kushoto peke yake, wa kulia ameulaza mapajani kama mtoto anayelala. Sikuuliza habari za simu. Niliuliza bega.

"Lilichomoka," akasema. "Likarudishwa."

Tukachambua. Halafu akaeleza, uso kwenye pamba. Njile alikuja na simu, akamwonyesha mambo, akataka wafanye kama wale. Minza akakataa. Akaambiwa ni mshamba, wake za wenzake wanafanya. Akakataa.

"Nikamwambia hao wa kwenye simu wewe huwajui, mimi unanijua. Siku ya pili hakuomba tena. Alinivuta."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani, mayu? Nikimshtaki, baba mkwe ataniuliza mbele ya watu, mumeo kakukosea nini. Nitafungua mdomo niseme nini mbele ya baba mkwe?" Akatupa pamba upande usio wake, akairudisha. "Mimi nataka niondoke na wanangu. Basi. Na neno hilo nisilitamke."

Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatolewa, na kwa mila watoto ni wa upande uliotoa ng'ombe, labda ukoo wenyewe ukubali kwamba mume ndiye mwenye kosa. Na ukoo haukubali kosa ambalo halijatamkwa. Hapo ndipo alipokuwa amebanwa.

Jioni timu ilipokaa nikaeleza kwa Daktari Rehema, bila jina, kama kazi inavyotaka, tukakubaliana nimtafutie Minza msaada kimyakimya. Mkurugenzi wetu alikuwepo, mkuu wa shirika, yule wa meza kuu niliyeahidi kumfikia. Alikuwa akitafuna karanga, nikadhani hasikilizi. Alikuwa anasikiliza vizuri sana.

Baada ya muda ukaitishwa mdahalo mkubwa Bariadi. Ukumbi ulijaa, na spika zikatolewa nje ili walioko sokoni nao wafaidi. Sijawahi kusikia watu wazima wakipiga kelele namna ile kuhusu kitu ambacho kila mmoja aliapa hajawahi kukiona. Mmoja alisema simu ndiyo inayovunja ndoa, zipigwe marufuku. Mwenzake akasema zipigweje marufuku wakati hata yeye anamtumia mganga wa mifugo ujumbe kwa simu. Muuza duka mmoja akasema wanaolaumiwa ni vijana wanaoingiza nyimbo na picha hizo kwenye memori kadi, lakini wateja mbona hawatajwi? Akapigiwa makofi na waliokuwa wateja. Bwana mmoja wa tai akasema mtu mzima ana haki ya kutazama atakacho, na kwamba ushahidi wa madhara haujakamilika. Mwingine akasimama kumjibu kwamba tatizo ni mavazi ya wasichana. Mavazi! Katika mjadala wa watu wasiovaa kitu!

Walipimana nguvu namna hiyo, upande huu na ule, na mimi nikawa nawaza bega la Minza. Hakuna upande hata mmoja uliokuwa na nafasi yake. Kwa hawa alikuwa mfano, kwa wale alikuwa chumvi iliyozidi. Ndipo mkurugenzi wetu akashika kipaza sauti. Upande wake ulikuwa unashindwa, na alitaka kushinda.

"Mnataka ushahidi? Ninao! Kule Itilima yuko mama ana watoto watatu, mumewe yuko Lamadi kwenye dagaa, amerudi na simu, amemtoa mke bega kwa sababu ya uchafu huu! Hata leo anachambua pamba kwa mkono mmoja!"

Ukumbi ukaguna kwa huruma. Upande wake ukashangilia. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Daktari Rehema alikuwa ameshika kichwa. Na nje, kwenye mabanda ya soko, palikuwa na watu wa Itilima wakinunua chumvi na kamba, na wao hawakuhitaji jina. Bega lililochomoka, dagaa wa Lamadi, watoto watatu. Baba mdogo wa Njile alikuwa miongoni mwao.

Nilimkamata mkurugenzi mlangoni.

"Umemtaja."

"Sijataja jina la mtu, Mama Sayi."

"Umetaja bega!"

"Hujaona ukumbi ulivyoguswa? Tulia. Huu ni ushindi wa wanawake."

Nilimwambia neno la Kisukuma ambalo Baba Sayi anadhani silijui.

Habari ilifika kabla yangu. Ukoo wa Njile ukaitisha kikao, na mshtakiwa hakuwa Njile. Alikuwa Minza, kwa kosa la kupeleka mambo ya nyumba Bariadi na kuyatia kwenye spika. Ilisemwa arudishwe kwao, watoto wabaki. Nilipomwendea hakunifokea. Ingekuwa nafuu angenifokea. Alisema tu, "Mayu, kule darasani nilinyamaza. Kwako nikaongea. Na huko kwenu nani aliongea?"

Nikaenda kwa Mama Kabula, mwalimu wangu, aliyekuwa amestaafu zamani na kunenepa kwa furaha. Nilimkuta anaanika karanga. Nikashika, nikaanika. Nikamweleza yote huku nikitukana. Alinisikiliza akasema, "Umemaliza kutukana? Haya. Minza hawezi kusema mbele ya baba mkwe. Wewe si mtu wa ukoo, hutasikilizwa. Katika ukoo ule nani anaruhusiwa kumwambia Njile neno lolote, mbele ya yeyote?"

Nikafikiri. "Bibi yake."

"Sasa unanianikia karanga za nini?"

Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mtu na mumewe kwa utani. Bibi humwita mume wangu, humgombeza kwamba hamtunzi, humwonea wivu mke wake, na hakuna neno la chumbani ambalo mdomo wake umekatazwa. Bibi Nyanzobe, mama mzazi wa baba mkwe wa Minza, alikuwa karibu kipofu lakini ulimi wake ulikuwa unaona vizuri. Hakuna mtu wa utafiti aliyewahi kumuuliza chochote. Alionekana mzee mno kuwa na habari za simu. Nilimweleza. Akatafuta mkono wangu, akauliza, "Bega lipi?" Nikamwambia la kulia. Akasema, "Wabeja, asante. Kikao nitakuja."

Kikao kilikaa mchana, uani, wanaume kwenye viti, Njile aliyeitwa kutoka Lamadi akiwa kati yao, wanawake chini. Mimi nilikaa pembeni kabisa, mgeni wa kuvumiliwa. Baba mkwe, mtu wa haki kwa kweli, akauliza kama Minza alivyotabiri:

"Mke wa Njile, kabla hatujaamua. Mumeo amekukosea nini? Sema, tusikie."

Minza akatazama mkeka. Mdomo ukafunguka, ukafungwa.

"Mnaona?" akasema baba mdogo. "Bariadi kwenye spika ana maneno. Hapa hana."

Ndipo ikasikika sauti kutoka kwa wanawake.

"Njile! Mume wangu! Umenipita pale mlangoni hata kunisalimia. Ndiyo mapenzi ya Lamadi hayo?"

Watu wakacheka, ndivyo utani unavyotaka. Njile naye akacheka, akajibu, "Nisamehe, mke wangu mkubwa."

"Nakusamehe. Nasikia umekuja na mafunzo ya ndoa kwenye simu, ukamfundisha mke mdogo. Mimi mkubwa mbona umeniruka?"

Kicheko kikapungua. Njile akashika mfuko wa suruali.

"Ilete nami nijifunze. Macho yangu yamekufa, basi mpe baba yako atazame, anieleze wanafanya nini."

Njile alikuwa ameushika ule mfuko kama ana kifaranga ndani.

"Mpe baba yako, mume wangu."

"Bibi, jamani..."

"Mpe! Kama ni jambo jema, baba yako alione. Kama baba yako hawezi kuliona, ulimvuta bega mtoto wa watu alifanye?"

Baba mkwe alikuwa ametazama mkono wa mwanawe muda wote huo. Hakuomba simu. Alitazama chini, mahali pale pale Minza alipokuwa akitazama, na kwa muda, wote wawili walikuwa wakitazama mkeka mmoja. Halafu akasema, polepole, kwamba mama yake amesema, na yeye amesikia. Watoto watakwenda na mama yao. Mahari hairudi. Baba mdogo alianza kukohoa neno, Bibi Nyanzobe akamgeukia akamuuliza kama naye ana simu. Akameza kikohozi.

Mnaweza kudhani hasira yangu iliishia hapo. Haikuishia. Ripoti ilitoka baadaye, nene, na jaladani picha ya mwanamke mwenye ndoo ambaye si wa huku kabisa. Daktari Rehema aliandika kwa uangalifu, na hakugusa habari ya Minza hata kwa mbali. Haikusaidia. Upande mmoja wanaisoma wanasema imethibitisha, upande wa pili wanaisoma wanasema haikuthibitisha, na mkurugenzi wetu huzunguka semina kwa semina na bega la mtu mdomoni. Alilipeleka hadi kwenye hafla yangu ya kuagwa. "Mama Sayi ndiye aliyetupa ule ushuhuda wa bega." Ndipo nikashukuru kwa soda.

Sasa ninyi. Vishikwambi vyenu havisongi mbele mpaka mjaze jibu, ninajua. Viacheni kwenye begi kwanza. Shikeni pamba, shikeni michembe. Ulizeni katika kila nyumba nani anaruhusiwa kusema nini mbele ya nani. Na mtu akishawaambia, hicho alichowaambia kilindeni hata dhidi ya bosi anayetafuna karanga, hasa huyo.

Juzi Minza alinitembelea. Yuko kwao, analima, bega humsumbua siku za mvua. Alikuta nimekaa jikoni kwangu, mahali ninapopapenda, akavuta ungo wa mchele tukaanza kuchagua wote, yeye kwa mikono miwili. Akauliza ule utafiti uliishia wapi.

"Bado wanabishana," nikasema.

"Wanabishana nini?"

"Kama wewe na wenzako mliathirika, na kiasi gani."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa nje ya mlango kwa mkono ule wa kulia. Kuku wangu wakakikimbilia.

"Waambie mimi nilikataa," akasema. "Mbona hilo hawaliandiki? Nilikataa."